Pistoni ya Shaba

Mwanangu Mwamini,

Salamu za mbali hazina kazi hapa, maana asubuhi tumekunywa chai kwenye meza moja na jioni tutakula bukari kwenye sahani moja, Mungu akipenda. Umekwenda Ruashi kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua hatakuachia mpaka jua lishuke. Mama yako yuko uani anakaanga samaki wa safari na hataki mtu amkaribie. Mimi nimekimbilia huku karakanani kwangu, nimefuta mafuta kwenye meza ya kazi, nimeweka karatasi. Barua hii nitaitia ndani ya mzigo wako, uisome kwenye treni mkishapita Likasi, pale abiria wanapoanza kuchoka kuzungumza.

Mambo ya chakula, ya kufunga mizigo, ya namna ya kukaa nyumbani kwa mama yako mdogo huko Kalemie, hayo umeshaambiwa na utaambiwa tena mpaka treni ipige honi. Sitayagusa. Mimi nina jambo moja tu. Uliniomba radhi ya kwenda kujifunza kazi kwenye karakana ile ya meli za ziwa, na mimi nikakujibu, "Muulize baba yako mkubwa." Baba yako mkubwa amekubali. Mizigo imefungwa. Lakini mimi niliyekuzaa sijafungua mdomo mpaka leo, na wewe kwa adabu zako hukuniuliza tena. Naona unavyonitazama ukipita na ndoo. Unajua, na mimi najua, kwamba mtoto hasafiri kwa radhi ya baba mkubwa peke yake wakati baba yake mzazi yuko hai na ana ulimi.

Usidhani nilinyamaza kwa sababu nadharau safari yako. Ninaogopa, basi, na mimi nikiogopa ninakuwa mkali, hilo mama yako amelijua kabla yangu. Kaka zako walipenda duka. Mafuta mikononi hawakuyataka hata siku moja. Wewe umefanya kazi na mimi kwenye mashine hii ya kukereza chuma, hii tour ndogo niliyoachiwa na yule Mgiriki wa gereji, mpaka nimezoea kusikia mtu mwingine akipumua upande wa pili wa meza. Nikiwaza karakana bila wewe ninaona giza, hata mchana.

Kwa hiyo nitakuandikia habari ya ile injini, ingawa unaijua kuliko mimi. Uliiona kutoka ulipokuwa umesimama wewe. Hukuiona kutoka upande wangu.

Kaka yangu Ramazani alimaliza ujana wake mbele ya tanuru la treni akitia makaa, wakati treni zetu bado zinakula makaa. Nilikutuma kwake nikitumaini atakataa, ili neno baya litoke kinywani mwake, mimi nibaki baba mzuri. Naye hakukataa. Alijikuna ndevu, akasema kwamba mtu anayetaka kuishi na meli lazima kwanza aonyeshe kuwa mvuke unamtii. Nilimwambia meli za siku hizi zinakunywa mazutu, mafuta ya dizeli, hazijui mvuke. Akanijibu kwamba mazutu hayana heshima. Unamjua. Akakuwekea sharti: utengeneze injini ndogo ya mvuke, uiwashe mbele ya ukoo, izunguke. Ikizunguka, atakuombea dua ya safari yeye mwenyewe. Ikikataa, unabaki nyumbani na jina la Kalemie halitajwi tena katika nyumba hii.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha mbaya. Nilidhani umeshindwa tayari. Kumbe wewe njiani ulikuwa umeanza kuhesabu vyuma kichwani.

Gurudumu ulilitoa kwenye cherehani iliyokufa ya nyanya yako, lile dogo la kuzungusha kwa mkono. Chungu cha mvuke ulikitengeneza kwa kipande cha bomba la shaba, ukakiziba pande zote mbili, ukakijaza maji na kukijaribu kwa pampu mpaka mimi mwenyewe nikakuambia yatosha, usije ukakipasua kwa mashaka. Supape, kile kidude kinachofungua njia mvuke ukizidi, uliitengeneza upya ingawa ya kwanza ilifanya kazi, eti ilikuwa inachelewa kidogo. Silinda ilitoka kwenye pampu ya maji iliyotupwa, chuma cha kumimina, ile fonte ambayo ukiikata inatoa unga mweusi badala ya nyuzi. Ulishinda na uso mweusi, mama yako akasema anamlisha mtu wa mgodini bila kuuona mshahara wake.

Nilikufundisha mchezo wa karatasi ya sigara. Unaiweka kati ya kisu na chuma kinachozunguka, unasogeza kisu polepole, na karatasi ikivutwa unajua kwamba umebakiza unene wake tu. Mimi nimeishika karatasi hiyo kwa vidole tangu ujana wangu, na kidole changu cha shahada, hiki kilichopinda mpaka watu wanadhani ninaonyesha kona ya barabara, nilikivunja hivyohivyo, kwa kushika karatasi karibu mno na kitu kinachozunguka. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna njia nyingine, na mimi sikuitafuta. Wewe siku ya kwanza uliichovya karatasi kwenye mafuta, ukaibandika juu ya chuma, ikakaa yenyewe. Mikono yako ilikuwa mbali, umeiweka nyuma kabisa, kama mtu anayepita sokoni akitazama tu. Nilikitazama kidole changu, nikatafuta neno la kukukosoa, sikulipata.

Na bado nilikuwa ninakunyang'anya kazi. Siku ya kupanua tundu la silinda ulikuwa unakwenda taratibu, unasikiliza. Mimi polepole inaniumiza tumbo. Nikakuambia sogea, nikashika mpini, nikaongeza mwendo. Mashine ikaanza kutetemeka, na kisu kikaacha mawimbi ndani ya silinda, mawimbi unayoweza kuyahisi kwa ukucha. Nilijua nimeharibu kabla hata haijasimama. Ilibidi uikate tena, kidogo kidogo, mpaka mawimbi yaishe, na tundu likawa pana kuliko ulivyolipanga. Ulifuta kipimo cha pistoni ulichokuwa umekiandika ukutani kwa chaki, ukaandika kingine. Ningependa ungenigombeza. Mtu anayeweza kurekebisha kosa la baba yake bila kumfanya baba yake ajisikie mdogo ana kitu ambacho hakifundishwi.

Huko Kalemie watakuwako wanaume wa namna yangu. Watakunyang'anya chombo mkononi, na wengi wao watakuwa na roho nzuri kabisa, watadhani wanakusaidia. Usigombane nao. Kishike chombo kwa mikono miwili, uwaulize habari za nyumbani, uendelee na kazi. Mimi ungenifanyia hivyo ningenuna siku moja, halafu ningezoea.

Basi ikafika pistoni. Hapo ndipo nilipoharibu hasa, na nataka tuitazame vizuri, mimi na wewe, kwa sababu sijawahi kukuambia nilichokuwa ninakifikiri.

Nilikuomba pistoni niitengeneze mimi. Ulisita, maana sharti la baba yako mkubwa lilikuwa mikono yako. Nikasema mkono wa baba ni mkono wa mtoto, na ukaniachia, lakini ukaniambia uliitaka ya fonte, chuma kilekile cha silinda, ili vikipata moto vikue pamoja. Ukanipa mfano wa kifuniko cha alumini cha mama yako, kile kinachong'ang'ania kwenye sufuria ya chuma jikoni mpaka kipoe. Mimi nilicheka. Nilicheka kweli, mpaka nikashika meza. Nikakuambia: mkoa wetu wenyewe umeitwa Shaba, moshi tunaovuta ni wa shaba, kila mtoto wa mtaa huu amekula chakula kilichonunuliwa kwa shaba, halafu sisi tutengeneze injini yenye moyo wa chuma cha pampu? Watu watatuona hatuna kwetu.

Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu yote, mwanangu. Fahari ya mji. Nilichukua ile shaba ngumu iliyochanganywa na bati, tunayotumia kazini kwa vikombe vya pampu zinazonyonya maji ya mgodi. Maisha yangu yote nimekereza vikombe hivyo. Vinakaa ndani ya chuma, na ninavibana sana, na havijawahi kukwama hata kimoja. Lakini vinafanya kazi ndani ya maji baridi, Mwamini. Mchana na usiku, maji baridi. Dole gumba langu limejifunza shaba iliyopoa tu. Shaba yenye moto halijawahi kukutana nayo, na mimi nilidhani dole hilo linajua kila kitu.

Nikaikereza. Nikaisugua mpaka ikawa inaingia kwenye silinda kwa uzito wake wenyewe, polepole, inashuka kama mzee anayekaa kitini. Ukiziba tundu la chini kwa dole, inasimama hapohapo, hewa haipiti. Ukiivuta na kuiachia, inalia "po". Sijatengeneza kitu kizuri kuliko hicho, wala sitatengeneza. Tulipoijaribu kwa pampu ya baiskeli, gurudumu lilizunguka kwa pumzi ndogo tu. Nilikuita uje uisikie ile "po" mara nyingi, na kila mara ulikuja, ukatabasamu. Sasa najua ulikuwa unatabasamu kwa ajili yangu. Mashaka ulikuwa nayo, ukayameza.

Hapo nakugombeza kidogo. Usiyameze tena. Fundi akiwa na mvi, akiwa na sauti kubwa, akiwa baba yako, bado chuma kitafanya kinachofanya. Sema mara ya pili. Ukiona anacheka, sema mara ya tatu akishamaliza kucheka.

Ile Jumamosi ya kuiwasha, watu walikuja kutoka kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, na vumbi lao, majembe yakaegemezwa ukutani. Baba yako mkubwa alikaa kwenye kiti kile chenye mikono. Mama yako aliandaa chai. Wewe uliiweka injini juu ya tofali, ukawasha makaa kwenye mbabula ndogo chini ya chungu, ukasimama ukisubiri, umejifunga kitenge chako cha kazi. Maji yakachemka, supape ikaanza kunong'ona, ukafungua mvuke na kulisukuma gurudumu kwa kidole. Likazunguka. Watu wakashangilia, nami nikageuka kumtazama kaka yangu, nimwone uso. Nilipogeuka tena, gurudumu lilikuwa limesimama.

Ulilisukuma, halikwenda. Ukalisukuma kwa nguvu, halikwenda. Nilijua wakati uleule. Shaba imepata moto, imevimba kuliko fonte inayoizunguka, imebana. Nilikuwa nimeitengeneza vizuri mno, sikuiachia nafasi ya kupumua hata ya unywele.

Ungeweza kusema. Neno moja tu lingetosha, kwamba pistoni si kazi yako, na ni kweli, na kila mtu angekuelewa. Uliyekuwa unapoteza kitu ni wewe. Kalemie ilikuwa inakatika pale juu ya tofali. Ulifunga mvuke, ukainua macho, hukunitazama hata mara moja, ili watu wasije wakafuata macho yako. Nimeishi na watu wengi wenye vyeo, wenye suti za abakosti zilizopigwa pasi, na sijaona heshima ya namna ile.

Nikasimama. Nikasema mbele ya wote, "Ile pistoni iko yangu. Si yake." Nilidhani maneno hayo yatamaliza shauri. Kaka yangu hata hakunigeukia.

"Miye shikuuliza iko ya nani," akasema. "Niliuliza kama itatembea."

Alikuwa na haki. Mtoaji wa sharti ni yeye, na wewe ulikubali kwa kinywa chako. Nilikaa chini, na nitakuambia kilichoingia moyoni mwangu wakati ule, kwa sababu barua bila hilo ni bure. Kilichoingia ni huzuni kubwa, na pembeni yake kidogo, nafuu. Nilisema moyoni, basi atabaki. Nafuu hiyo niliiona, nikaichukia, lakini ilikuwako.

Ndipo ukasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Haiyakufa, baba mukubwa. Iko na moto tu. Muniachie ipoe."

Naye akaomba chai nyingine, maana yake amekubali kungoja. Uliacha silinda ipoe, ukaifungua, pistoni ikatoka yenyewe mkononi mwako, laini, kana kwamba haijamkosea mtu. Ukaja nayo mpaka mbele yangu. Watu wote wanatazama. Nilidhani unanirudishia.

"Baba," ukasema, "niko na ruhusa ya kuipunguza?"

Hapo, Mwamini. Hapo ndipo nilipokwama mimi. Ungeweza kuichukua tu ukaingia nayo karakanani, nani angekuzuia? Lakini ulijua ni kitu gani unachokishika. Ulijua ninavyoipenda ile "po". Ukaniomba. Na mimi, kwa aibu yangu, sikukujibu upesi. Niliitazama pistoni, nikatazama mikono yako, kaka yangu akakohoa. Nadhani chai ilipoa katika vikombe vya watu.

"Punguza," nikasema.

Ukaiingiza kwenye mashine, na mimi nikasimama mlangoni na mikono mfukoni, mahali pangu pazuri ambapo ningepaswa kusimama tangu mwanzo. Ulichukua msasa mwembamba na mafuta, ukaisugua ikizunguka, ukaacha, ukaipima. Kisha ukafanya jambo ambalo sijaliona kwa fundi yeyote, wala mwenyewe sijaliwaza. Ulikwenda uani, ukachukua birika la chai la mama yako linalochemka, ukaitumbukiza pistoni ndani. Ukaitoa kwa kibano ikifuka moshi, ukaijaribu ndani ya silinda baridi. Haikuingia. Ukarudi kwenye msasa. Birika, silinda, msasa. Ulikuwa unaitafutia shida kubwa kuliko itakayoipata, pistoni yenye moto ndani ya silinda isiyo na moto, ili ikivumilia hiyo ivumilie yote. Mama yako mpaka leo anasema chai ya siku ile ilikuwa na ladha ya mashine, na baba yako mkubwa aliimaliza yote. Mimi niliinywa pia. Ningeinywa ndoo nzima.

Ulipomaliza, uliidondosha pistoni ndani ya silinda, zote zimepoa, ikaanguka mpaka chini. Tak. Hakuna "po". Moyo wangu ukaanguka nayo. Nikasema, ameiua, sasa mvuke utapita pembeni kote na gurudumu halitapata nguvu. Ukaifunga, ukafungua mvuke, na mwanzoni ilikuwa aibu tupu. Inakohoa, inatema maji, mvuke unatoka kila upande, gurudumu linazunguka nusu na kurudi. Jirani mmoja akaanza kutafuta jembe lake aende. Wewe ulichuchumaa, unalisukuma gurudumu kwa kidole, unangoja, unalisukuma tena. Hukuwa na haraka. Ulikuwa unajua kitu ambacho sisi wote tulikuwa hatukijui, kwamba shaba ilikuwa bado inakua.

Ikapata moto, ikajaza ile nafasi uliyoiachia, na maji yakaacha kutemwa. Gurudumu la cherehani ya nyanya yako likashika mwendo, likazunguka, likazunguka, mpaka matundu yake hayaonekani tena. Lilikuwa linatoa sauti ndogo ya haraka, safi. Kaka yangu alifumba macho, akasikiliza. Aliuweka mkono juu ya goti na kidole chake kikawa kinafuata mapigo. Watoto walitaka kupiga kelele, akawanyamazisha.

"Iko inapumua muzuri," akasema. "Aende."

Akasimama, akaweka mkono juu ya kichwa chako, akakuombea dua ndefu, ile ya safari na ile ya maji yote mawili, ya chumvi na ya baridi, maana hajawahi kuliona ziwa na hakutaka kukosea. Mama yako alilia. Watu wakakupa mikono. Na wewe, katikati ya mikono yote ile, ukageuza uso ukanitafuta. Nilikuona. Nikainama kutafuta kitambaa cha kufutia mafuta, kitambaa kilichokuwa begani mwangu.

Tangu siku ile ninatembea na jambo hili. Ninaamka nalo, ninakwenda nalo kazini. Nimejiuliza kwa nini niliweza kukujibu juu ya pistoni na siwezi kukujibu juu yako wewe. Nadhani ni kwa sababu pistoni nilijua ni yangu, na kitu chako unaweza kukitoa. Wewe nilikuwa nimeanza kusahau kwamba si kipande nilichokikereza. Mikono yako inafanana na yangu, unashika kisu kama mimi, unakunja uso kama mimi ukipima, nikadhani basi hata akili ni ileile yangu, imeendelea mbele kidogo tu. Si kweli. Mimi singefikiria birika, hata ningepewa umri wa kaka yangu juu ya umri wangu. Ile ni akili yako, na sijui umeitoa wapi, na ninaishangaa. Ninakushangaa, mwanangu. Sijawahi kumwambia mtu yeyote neno hilo, hata mama yako, na yeye ningepaswa kumwambia zamani.

Huko uendako utaharibu vitu. Utakereza chuma kikiwa na moto, ukipime, kipoe, kiwe kidogo kuliko ulivyotaka, na mkubwa wako atapiga kelele mbele ya watu. Mimi nilipopigiwa kelele hizo nilikuwa ninaficha kipande kibovu chini ya sanduku, halafu ninakaa mwezi nikiogopa atakayefagia. Usikifiche. Kiweke mezani mbele yako ukione kila siku mpaka kisikuumize tena. Na ukipata rafiki wa kazi, mwanamume au mwanamke, mtazame anavyorudisha vyombo vya watu. Hayo mengine utayajua mwenyewe.

Basi nimefika mwisho, na hapa ndipo ninapopaswa kuandika neno lenyewe. Ninaliandika: mimi Salumu, baba yako, nimekubali uende. Radhi zangu ninakupa zote.

Nimeusoma tena mstari huo. Si mbaya. Lakini wewe uliniomba kwa kinywa, umesimama mbele yangu, na mimi ninakujibu kwa karatasi itakayosomwa baada ya Likasi, wakati hunioni na mimi sikuoni. Haifai. Huo ni ujanja uleule wa kukutuma kwa kaka yangu. Nimesikia sauti yako uani, unamsalimu mama yako, na yeye tayari anakugombeza kwa kuchelewa. Ngoja niweke kalamu chini. Barua nitaimaliza nikirudi.

Nimerudi.

Nilikukuta unavua viatu. Nilisema yote kwa haraka, nimesimama vibaya, nadhani nililitaja jina la Mungu mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mama yako alizima moto wa samaki ili asikie vizuri. Wewe ulishika mkono wangu huu wenye kidole kilichopinda, ukauweka juu ya kichwa chako mwenyewe, ukaushikilia pale. Hukulia, niliyelia ni mimi, na ukisikia mama yako anasimulia vingine usikatae, mwache.

"Aksanti, Baba," ukasema. "Sasa niko naenda."

Ndiyo, mwanangu. Sasa unaenda.

Baba yako,
Salumu